Mwanamke Mwenye Funguo

"Usiniambie habari za sanaa," nilimwambia binti yangu. "Sanaa haikumshika bibi yako mkono pale barabarani. Aliyemshika mkono ni fundi wa kuchomelea, na amemkuta katikati ya malori, mguu mmoja una ndala, mwingine hauna."

"Mama, nimeshasema samahani."

"Umesema samahani halafu ukaongeza 'lakini'. Hiyo si samahani, huo ni utangulizi."

Tulikuwa jikoni. Mimi nimesimama, yeye amekaa, kompyuta yake imefungwa mbele yake na ameilaza mikono yote miwili juu yake kama mtu anayezuia sufuria isifurike. Mlango wa sebuleni niliuacha wazi ili nimwone mama. Alikuwa kwenye kochi, miguu ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu, anakunja taulo. Akimaliza kulikunja analikunjua, anaanza upya. Nje kibarazani fundi alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, anasubiri nimwambie la kufanya na geti. Karakana yake inapakana na ukuta wetu. Mashine alikuwa ameshaivuta mpaka uani.

Mambo yalikuwa hivi. Mimi ni mtunza ghala wa kiwanda cha madawati. Tangu mama aanze kupotea ndani ya nyumba yake mwenyewe, nafanya kazi asubuhi tu. Msaidizi anakaa naye mpaka nirudi, halafu anaenda kwa watoto wake, na mchana mpaka asubuhi ya pili ni zamu yangu. Siku hiyo nilimlisha mama, nikamnawisha, nikakaa kwenye kiti changu karibu na dirisha. Usingizi haukunipitia, ulinibeba. Mama akaenda kwenye kabati la cherehani, akafungua droo ya chini, akatoa kopo la vifungo, akatoa ufunguo wa geti uliokuwa chini ya vifungo, akafungua kofuli. Kisha akalitundika kofuli kwenye mnyororo vizuri, kama ninavyofanya mimi, akatoka.

Kilichonitisha si kutoka. Wazee wenye maradhi haya hutoka, ndiyo maana kuna kofuli. Kilichonitisha ni kopo. Huyu ni mtu asiyejua kwamba mimi ni mwanawe. Ananiita "sista," akidhani mimi ni muuguzi. Choo anakipata kwa sababu nimebandika mishale ukutani. Sukari imeandikwa SUKARI na chumvi imeandikwa CHUMVI, na bado chai huja na chumvi. Mtu huyo alijuaje kwamba ufunguo uko chini ya vifungo, wakati sijawahi kuutoa mbele yake?

Nilikuwa nimemwuliza hilo kwa simu, na bado nalizungusha kichwani binti yangu alipofika, na kabla hajaweka begi chini akasema, "Ni kwenye gemu."

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza.

Nieleze kazi yake, maana nami nilichelewa kuielewa. Yeye na wenzake wamepanga chumba kimoja juu ya duka la vioo, wanatengeneza gemu za kompyuta. Si zile za kupigana. Yake ni ya mafumbo: wewe mchezaji ni mwanamke mzee mwenye ugonjwa wa kusahau. Unaona kwa macho yake. Mwili wako huuoni, unaona mikono tu ikinyooshwa mbele yako. Unatakiwa utoke nyumbani uwahi kazini, na nyumba yenyewe haitaki. Kila Jumapili alikuwa anakuja, anakaa na bibi yake, anampa ile pedi ya vitufe ya kuchezea, wanacheza. Mimi nilimshukuru. Saa hiyo ndiyo niliyokuwa naosha nywele zangu.

"Mwanzoni nilificha ufunguo ndani ya saa ya ukutani," alisema. "Hakuwahi kuupata hata mara moja. Nikimwonyesha, akirudia anasahau. Nikaona nijaribu kuuweka pale unapowekwa kweli."

"Ulijuaje unapowekwa kweli?"

"Mama, mimi nimekulia humu. Wewe kila kitu cha thamani unakificha kwenye vifungo."

Niligeuza macho kwenye kabati la cherehani.

"Basi taratibu mikono yake ikaanza kwenda yenyewe," aliendelea, na sauti yake ikabadilika, ikachangamka, jambo lililonikera zaidi. "Droo ya chini, kopo, ufunguo. Jumapili baada ya Jumapili. Haniulizi. Kwenye gemu haulizi chochote. Daktari alituambia Bibi hatajifunza kitu kipya tena, unakumbuka? Amejifunza. Kitu kimoja, lakini amejifunza."

"Daktari hakusema umfundishe kutoroka."

"Nilidhani ni gemu tu."

"Kwako ni gemu. Kwake hakuna gemu na nyumba. Kuna chumba, na baada ya chumba kuna chumba kingine. Ulipiga picha kila pembe ya nyumba hii ukaiweka humo ndani, na pasi mezani, na mishale yangu, halafu unashangaa amechanganya?"

Alifungua kompyuta akaisukuma upande wangu. "Cheza kwanza. Ukimaliza unitukane vizuri."

Fundi alikohoa kule nje. "Dada, mimi nipo. Ila umeme wa mtaa huu nao una tabia zake."

"Dakika chache, fundi," nilisema, nikakaa.

Sijawahi kucheza gemu maishani. Nilipoishika ile pedi, mikono ikatokea kwenye skrini, na ilikuwa mikono ya mama. Si ya kufanana. Kidole cha shahada kilichopinda, kovu la pasi kwenye kifundo. Nilisimama katika sebule yetu. Nilipogeuka, mlango wa jikoni ulikuwa umehama. Niliufuata mshale wa choo, nikaingia chumbani. Nikaufuata tena, nikajikuta sebuleni. Kila nilipoangalia vibandiko vyangu, herufi zilikuwa zinadondoka moja moja. SUKARI ikawa SUKAR, ikawa SU. Nilihisi hasira ya kweli, ile ya mtu aliyepanga ghala akakuta wengine wamelivuruga.

Karibu na dirisha aliketi mwanamke. Anaonekana mgongo. Amevaa sweta la kijani lililotoboka kiwiko, na kiunoni ana shada la funguo kubwa kuliko yeye. Nilimkaribia, nikabonyeza. Akasema, "Sio sasa, mama." Nikabonyeza tena. "Sio sasa, mama." Nilipokwenda mlangoni, akasema bila kugeuka. Niliposhika sukari, akasema. Sauti ilikuwa yangu. Alinirekodi lini, sijui. Pengine hakuhitaji kuvizia, pengine aliwasha simu tu akakaa.

"Huyu ni mimi," nilisema.

"Si wewe hasa."

"Ana sweta langu."

"Ni sweta tu, mama."

"Sweta tu lenye tundu langu. Mbona hana uso? Nimemzunguka, anageuka nami. Umeshindwa kuchora uso?"

Alikawia. Binti yangu ni mwepesi wa kujibu, amerithi kwangu, kwa hiyo akikawia najua jibu ni baya.

"Bibi haujui uso wako," alisema. "Ningeuweka ningekuwa nadanganya."

Sebuleni mama alilitandaza taulo magotini, akalipangusa mikunjo kwa kiganja, akalikunja mara mbili, kisha mara ya tatu. Alikuwa msimamizi wa kufulia hospitalini maisha yake yote ya kazi. Shuka likikunjwa vibaya alilirusha chini, na aliyelikunja aliliokota akaanza upya, hata kama ni mtu mzima.

"Nampitaje huyu mama?" niliuliza.

"Humpiti. Watu wengi wanajaribu kumnyang'anya funguo, haiwezekani. Zile za kiunoni hata hazifungui kitu. Inabidi ukae karibu naye ukunje taulo. Unakunja tu. Mwishowe anachoka, analala. Hapo ndipo unakwenda kwenye droo."

Kwa hiyo na usingizi wangu ulikuwa umeingizwa humo. Ulikuwa sehemu ya fumbo.

"Waliojaribu gemu wanalia wakifika hapo," alisema kwa sauti ndogo. "Wanapogundua huyu si adui. Amechoka tu."

"Na wakishalia?"

"Wanaendelea."

"Bahati yao."

Nilikunja taulo za kwenye skrini mpaka yule mwanamke akainamisha kichwa. Nilikwenda kwenye droo, nikatoa ufunguo chini ya vifungo, nikafungua geti. Nje hakukuwa na barabara. Kulikuwa na mvuke, na mashuka meupe yamening'inia kila upande, na sauti za wanawake wanacheka, na mmoja anaita, "Bosi amefika, tengenezeni mistari." Nilipajua mahali hapo. Utotoni nilikaa humo juu ya marobota nikisubiri mama amalize zamu. Leo ng'ambo ya barabara kuu jengo lile halipo, kuna uwanja wa matairi chakavu. Huko ndiko mama alikokuwa anakwenda na ndala moja. Alikuwa anawahi kazini.

Nilifunga kompyuta. Sikulia. Nilimwita fundi mlangoni.

"Fundi, weka kofuli jipya. Ufunguo nitauvaa shingoni."

"Hilo ni dogo, dada. Wala huhitaji mashine."

"Mama, usiutoe kwenye kopo," binti yangu alisema.

"Nimeshautoa. Upo mfukoni."

"Atautafuta."

"Atautafuta, atasahau, atakunja taulo. Ndivyo anavyofanya na kila kitu."

Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Hawakutuachia neno kuhusu kumlea aliyekulea. Nafikiri walilijua, wakaona bora wanyamaze.

Tulikuwa bado tunabishana mama aliponyanyuka. Alitoa mguu mmoja kwenye beseni, kisha wa pili, akaja akiacha nyayo za maji sakafuni. Hakutuangalia. Alikwenda kwenye kabati la cherehani akainama, na mimi ambaye humwinua kitandani kila siku sikujua kwamba bado anaweza kuinama vile. Droo ya chini. Kopo. Aliingiza mkono kwenye vifungo akausogeza polepole, kama mtu anayeonja maji kabla ya kumwogesha mtoto. Aliutoa mkono, akauangalia, akauingiza tena. Kisha akamwaga vifungo vyote sakafuni, akapiga magoti katikati yake.

"Ulikuwa hapa," alisema.

Alivitawanya vifungo kwa vidole.

"Sista, ufunguo ulikuwa hapa. Nani kauchukua?"

Kila siku huwa namsahihisha. Baba hayuko safarini, alifariki. Leo si siku ya mshahara. Hapa ni kwako, hatuendi kwako, tuko kwako. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu sana alikuwa amesema kitu cha kweli kabisa, tena ananiuliza mimi, mwizi mwenyewe.

"Sijui, mama," nilisema.

Aliniangalia. Si kwa hasira. Aliniangalia kama alivyowaangalia wale wanawake wa kufulia, shuka likiwa limepungua na wote wameinamisha vichwa. Halafu kile kilichokuwa usoni kikaanza kuondoka, na nikaona anajitilia shaka. Alishika kifungo kimoja, akakigeuza. "Labda ni nyumba nyingine," alisema. "Labda nimeingia nyumba ya watu."

Hapo nilishindwa. Nilichutama, nikajifanya naokota vifungo, nikautoa ufunguo mfukoni. "Huu hapa, mama. Ulianguka."

"Ehe," alisema, akaupokea, akautia ndani ya kopo, akaanza kuvirudisha vifungo juu yake kimoja kimoja. "Ukae hapohapo. Mnapenda kuhamisha vitu vya watu." Akamwona mjukuu wake, uso ukafunguka. "Na wewe, mke mwenza. Umekuja kuninyang'anya mume tena?"

"Nimekuja kukusalimia tu, Bibi. Mume nimekuachia, anakoroma."

Mama alicheka mpaka mabega yakatikisika. Kwa nini mjukuu anamkumbuka hata kwa utani, na mimi ni sista? Sikuuliza. Si swali la kumuuliza mtu yeyote.

Tulimrudisha kwenye kochi, nikamkausha miguu, binti akampa taulo.

"Sawa," nilimwambia, tuliporudi jikoni. "Ufunguo utabaki kwenye kopo. Umeshinda. Sasa tuongee kama watu wazima. Ufunguo ukibaki, lazima awepo mtu macho wazi kila mchana mpaka jioni. Mimi nimejaribu na umeona matokeo, umeyatengenezea na gemu. Kazi yako iko kwenye kompyuta, na kompyuta inabebeka. Hamia hapa. Mimi nilale mchana, usiku nitakesha."

Alitazama meza.

"Au njoo mchana tu," nilisema. "Uje baada ya chakula, uondoke jua likizama."

"Mama, wiki ijayo tunaipeleka gemu kwa watu wa shindano. Baada ya hapo, kama wakiipenda, kuna kusafiri kwenda kuionyesha."

"Na baada ya kusafiri?"

"Sijui."

"Unajua."

Alianza kulia, kimyakimya, bila kujifuta. "Siwezi," alisema. "Jumapili moja naiweza. Nikitoka hapa Jumapili nalala siku nzima ya Jumatatu. Nikikaa humu kila siku nitakuwa yule mwanamke wa dirishani, mama. Siwezi. Samahani." Safari hii hakuongeza lakini.

Nilitaka kumchukia, na kwa muda nilifanikiwa. Angalau hakunidanganya. Ndugu zangu wote walisema watakuja kusaidia, na mpaka leo wako njiani.

Nilitoka kibarazani. Fundi alisimama, akajipangusa suruali. Alikuwa amesikia yote, nyumba hizi kuta zake ni karatasi, lakini alikuwa na adabu ya kuangalia geti.

"Kofuli la zamani libaki," nilimwambia. "Mnyororo ubaki, ufunguo ubaki kwenye kopo. Nataka komeo la chuma huku juu kabisa, juu ya kichwa changu. Bila kofuli. La kusukuma tu kwa mkono."

Alipima kwa macho. "Bi mkubwa atafika huko?"

"Mgongo umepinda. Haangalii juu siku hizi. Hatajua lipo."

Alielewa, akaenda kwenye vyuma vyake. Binti yangu alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Kwa hiyo atafungua kofuli," alisema, "na geti halitasogea."

"Ndiyo."

"Mama, hiyo ni mbaya kuliko kopo tupu. Kwenye kazi yetu hilo ni kosa lisilosameheka. Mtu akipata jibu sahihi, mlango lazima ufunguke. Huwezi kumpa ufunguo wa kweli halafu ukamwekea mlango wa uongo. Atasukuma. Atadhani amekosea, na hajakosea."

"Atasukuma, ndiyo."

"Kila siku."

"Kila siku, mpaka mikono nayo isahau. Una njia nyingine? Niambie sasa hivi, fundi bado hajawasha."

Alifungua mdomo. Nilisubiri, kwa haki kabisa nilisubiri, kwa sababu binti yangu ana akili kunishinda na kazi yake ni kutafuta milango. Nilimwangalia anavyotafuta. Aliangalia ukuta, akaangalia geti juu mpaka chini, akaangalia dirisha la sebuleni.

"Sina," alisema.

Fundi alirudi na komeo linaloteleza ndani ya bamba lake, na kipande cha bomba la kulipokea. Alipanda juu ya ile ndoo, akalipima, akaniomba nilishike lisicheze. Nilivaa glavu yake moja, ile isiyotoboka. Mama alikuwa ametoka kibarazani na taulo lake, amevutwa na sauti ya mashine.

"Mzuieni asiangalie moto," fundi alisema.

Binti yangu alikwenda akasimama nyuma ya bibi yake, akamfunika macho kwa viganja vyote viwili. Mama alimwachia, kama mtu anayechezewa mchezo wa kubahatisha nani amemshika.

"Wanafunga nini hao?" aliuliza gizani.

Binti yangu aliniangalia. Alitaka mimi niseme. Nilirekebisha glavu.

"Geti, Bibi," alisema. "Kuna wezi."

"Wafunge vizuri basi. Siku hizi watu wanaingia popote."

Nilinyoosha mkono, nikalibana komeo kwenye nguzo kwa nguvu zangu zote, nikageuza uso pembeni. "Choma," nilimwambia fundi. Cheche ziliniangukia begani na kwenye sweta. Sikuachia. Alipomaliza upande wa komeo akachoma na bomba kwenye geti, akagonga kwa nyundo, akalimwagia maji, likafoka moshi. Nikaligusa kwa kidole cha glavu, likawa limepoa vya kutosha, nikalisukuma mpaka likaingia.